Barua ya Malalamiko: Tamthilia Tulivu za Kijapani Mlizozitangaza Mkazifungia

Kikwajuni,
Unguja.

Kwa Meneja wa Ununuzi wa Vipindi na Haki za Maonyesho

Ndugu Meneja,

YAH: TANGAZO LA "INAKUJA HIVI KARIBUNI" LILILODUMU MIEZI 14

Mimi ni mteja wa huduma yenu ya kuangalia filamu na vipindi kwa mtandao, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Nalipa kila mwezi kwa simu, sijachelewa hata mara moja, na sijawahi kuwaandikia kwa jambo lolote jingine ila hili.

Mwaka jana, katikati ya mwezi wa Ramadhani, mliweka kwenye ukurasa wenu wa mbele picha ya msichana mwembamba mwenye misuko miwili ya nywele nyekundu, kakaa kituo cha treni, mkoba wake kaupakata. Chini yake mliandika "Inakuja hivi karibuni". Niliitambua kabla ya kusoma jina. Ni Akage no An, tamthilia ya katuni ya vipindi 50 iliyoonyeshwa Japani kuanzia Januari hadi Disemba 1979, kutokana na riwaya ya Kikanada ya L. M. Montgomery. Mwongozaji ni Isao Takahata. Hayao Miyazaki, ambaye leo dunia nzima inamjua, ndiye aliyepanga picha za vipindi 15 vya mwanzo. Siku ile ile nilimwambia mama yangu, nikampigia binamu yangu Maskati, nikamwahidi mwanangu kwamba tutaiangalia pamoja.

Picha ile ilikaa pale miezi 14. Kisha asubuhi moja haipo. Hapakuwa na maelezo wala samahani. Niliwaandikia huduma kwa wateja mara tatu. Jibu la kwanza lilisema kipindi hiki hakipatikani katika eneo lako. La pili lilisema hivyo hivyo, neno kwa neno. La tatu ndilo lililonifanya nikae niandike barua hii: mliniambia kwamba katuni za aina hiyo "hazina mvuto katika soko lenu", mkanipa orodha ya nyingine nane za kuangalia badala yake. Zote nane ni za mapigano. Sina ugomvi nazo, mwanangu wa kiume anazipenda, lakini mimi sikuziuliza.

Naomba nianze na hilo la mvuto, maana ndilo lililoniuma.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda Maskati kwa shangazi kila likizo ndefu. Alasiri pale nyumbani kwake palikuwa hapasemwi kitu, kwa sababu televisheni ilikuwa inaonyesha Sally. Wajapani waliitengeneza mwaka 1985, ikaingizwa sauti za Kiarabu, na sidhani kama kuna mtu wa rika langu aliyekulia Ghuba ambaye hamjui Sally: mtoto wa tajiri anayefiwa na baba, akageuzwa mtumishi katika shule ile ile aliyokuwa mwanafunzi. Hakuna anayerusha ngumi humo. Msichana anafagia, anabeba makaa, anakula mkate mkavu darini, na shangazi yangu, mwanamke aliyelea watoto saba, alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya leso akijifanya mafua. Hiyo Akage no An nayo binamu zangu waliijua kwa jina la Shama. Kwa hiyo mnaposema watu wetu hawana hamu na katuni tulivu, mnatusemea jambo ambalo hamkutuuliza.

Wala si Ghuba peke yake. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, kwa sauti za Kiswahili. Si katuni, lakini ni hadithi ya nyumbani tupu: mke, mume, wakwe, jikoni, maneno ya kuchomana mezani. Hakuna bunduki hata moja. Watu walikuwa wakiizungumza kwenye daladala. Walichofanyiwa watazamaji ni kitu kimoja tu: waliletewa kwa lugha yao na kwa saa inayojulikana.

Najua kazi yenu si nyepesi. Tamthilia nyingi za Kijapani huzaliwa ndani ya kamati: mchapishaji wa kitabu, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, wakala wa matangazo, kila mmoja na fungu lake, na mkataba wa nje lazima upite mikono yote hiyo. Za zamani ni tabu zaidi. Mkataba wa 1979 haukuandikwa na mtu aliyewaza kwamba ipo siku kipindi kitaangaliwa kwenye simu Kikwajuni. Nyimbo nazo zina wenyewe. Yote hayo naelewa. Lakini kama haki hamkuwa nazo, kwa nini mliitundika ile picha? Na kama mnazo, mnazikalia kwa faida ya nani?

Hilo la kukalia haki ndilo ninaloliogopa, kwa sababu limeshatokea. Takahata huyo huyo alitoa mwaka 1991 filamu ya katuni iitwayo Only Yesterday, habari za mwanamke aitwaye Taeko anayekumbuka alivyokuwa mtoto wa darasa la tano. Ndiyo filamu ya Kijapani iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote Japani mwaka ule. Mwaka 1996 Disney na Tokuma, kampuni iliyokuwa mama wa Studio Ghibli, studio ya katuni ya Takahata na Miyazaki, wakati huo, walitiliana saini mkataba wa kusambaza filamu za studio hiyo nje. Nyingine zilitoka moja baada ya moja. Hii haikutoka. Marekani ilipita mara moja kwenye chaneli ya filamu za zamani mwaka 2006, ikiwa na maandishi ya tafsiri, basi. Majumba ya sinema ya kule yaliipokea mwanzo wa 2016, mikononi mwa kampuni nyingine ndogo, GKIDS. Miaka 25 tangu ilipotengenezwa! Waliokuwa na umri wa msichana wa filamu ile ilipotoka walikuwa wameshafika umri wa mama zao. Mwenzake, Ocean Waves, drama ya vijana wa sekondari ya Kochi iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni mwaka 1993, ilisubiri hadi Disemba ya 2016 hiyo hiyo.

Watu wanapojadili sababu ya Only Yesterday kufungiwa, kila mara inatajwa sehemu moja ya filamu hiyo: wasichana wa darasa la tano wanafundishwa shuleni kuhusu hedhi, habari inawafikia wavulana, na utani unaanza. Kukata sehemu hiyo haikuwezekana, kwa sababu Ghibli walikuwa wameshaungua. Mwaka 1985 filamu ya Miyazaki, Nausicaä, ilitolewa Marekani ikiwa imekatwa zaidi ya dakika 20, na tangu hapo hawakukubali mtu atie mkasi kazi yao. Sasa mimi nawauliza kwa moyo mweupe: sisi ambao mtoto wa kike tunamkabidhi kwa somo wake amfunde kuhusu hedhi kwa heshima na kwa wakati wake, tutashtushwa na nini hapo? Niliiona filamu ile na binti yangu wa miaka 11, kwenye huduma nyingine, si yenu. Aliniuliza maswali mawili ambayo nilikuwa nikitafuta mlango wa kuyaingilia mwaka mzima.

Mama yangu naye alikuwepo. Yeye kauza matunda Darajani miaka mingi, na Kiingereza hajui, kwa hiyo nilimsomea maandishi kwa sauti, namfasiria hapo hapo. Kuna mahali baba analeta nanasi zima nyumbani, Tokyo ya mwaka 1966. Familia yote imelizunguka na hakuna anayejua linakatwaje. Wanaliweka. Wanalinusa. Linakaa hadi dada mkubwa apate maelekezo ya namna ya kulikata, mama analikata, kila mtu anaonja kipande chake, na nyuso zinaanguka: gumu, halina utamu. Mmoja mmoja wanasogeza sahani. Anabaki yule mdogo, Taeko, anatafuna kwa ukaidi kwa sababu ndiye aliyelitaka.

Mama alisogea mbele kwenye mkeka. "Halijaiva hilo, masikini. Wangelinusa chini, kwenye kitako." Kisha akanyamaza, na lile nanasi lilipoisha akasema, "Mwacheni ale." Alikaa hadi mwisho, muda wa karibu saa mbili nzima, mtu ambaye taarifa ya habari humchukua usingizi. Asubuhi yake alikuwa bado anawaeleza majirani habari za watu wasiojua kukata nanasi.

Huyo ndiye mtazamaji mnayesema hayupo.

Nitawaambia anapotelea wapi, maana nimekaa na programu yenu nikaipekua. Katuni zote za Kijapani mmeziweka kwenye rafu mbili tu, "Watoto" na "Mapambano". Drama kama Only Yesterday, ya mwanamke wa miaka 27 anayechukua likizo ofisini akaenda Yamagata kuchuma mashambani maua ya alizeti-miba, yale ya kutengenezea rangi nyekundu, haina rafu. Ikiingia kwa watoto, mtoto ataiacha dakika ya kumi, na mtu mzima hafiki pale. Ikiingia kwenye mapambano, kijana ataona amedanganywa. Baada ya mwezi mnasoma hesabu zenu, mnakuta hakuna aliyebofya, mnaandika "haina mvuto", na ya pili yake hamuinunui tena. Hesabu hiyo haipimi hamu ya mtu yeyote. Inapima mahali mlipokiweka kitu.

Isitoshe, hizi ni kazi zinazohitaji muda kidogo. Katika Akage no An vipindi sita vya kwanza vinashughulika na swali moja: je, huyu yatima aliyeletwa kwa makosa atabaki au atarudishwa? Ndugu wawili wazee walimtaka mvulana wa kuwasaidia shambani, wakaletewa msichana anayesema bila kupumzika. Vipindi sita! Lakini anayelea, anayesubiri kukubaliwa katika nyumba ya watu, anajua kwamba swali hilo halimalizwi kwa dakika tano. Watoto wanaolelewa kwa shangazi na kwa bibi tunao kila mtaa.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na nayaomba kwa maandishi. Niambieni kama haki za Akage no An kwa Afrika Mashariki mnazo au hamna, na kama mnazo, zinaisha lini. Kama hamkusudii kuionyesha, ziachieni, mwingine azichukue; GKIDS hawakuwa wakubwa kuliko waliowatangulia. Kama mnakusudia, iwekeni pamoja na drama za watu wazima, zile za Kikorea na za Kituruki, si mahali pengine. Maandishi ya Kiswahili yatatosha kuanzia, hatudai sauti. Wafasiri wapo Unguja, wapo Dar es Salaam, wapo Mombasa, na kazi ya kufasiri maneno ya utulivu wanaiweza. Na lile jibu la "soko lenu" msimpelekee mteja mwingine.

Mama amefika miaka 74 na macho yake yanapungua. Bado ananiuliza kama yule mtoto wa nywele nyekundu ameshafika.

Picha ya tangazo lenu niliihifadhi kwenye simu siku ile ile lilipotoka. Nimeiambatanisha hapa pamoja na majibu yenu yote matatu na risiti za malipo ya miezi 14. Nitaendelea kulipa hadi mwisho wa mwezi ujao, nikisubiri jibu.

Wenu,
Mteja wa Kikwajuni