Walimu wetu wafundishwe anthropolojia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie somo ambalo wengi wetu huku Kusini hatukulisikia likitajwa darasani, ingawa mambo linayoyachunguza ndiyo tunayoishi nayo kila siku. Somo hilo ni anthropolojia, yaani elimu inayomchunguza binadamu: asili na mwili wake, lugha yake, mabaki ya kale aliyoyaacha ardhini, na zaidi ya yote ukoo wake, mila zake na namna anavyolea watoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinalifundisha pamoja na sosholojia. Naomba misingi yake ifundishwe pia katika vyuo vya ualimu, kwa kila anayetarajiwa kupangiwa shule ya kijijini.

Mimi nilikulia Rungwe, ambako ukoo huhesabiwa kwa baba, nikaja kufundisha shule za msingi huku Newala nikiwa kijana. Katika miaka yangu ya mwanzo, msichana mmoja wa darasa la sita, mwenye uelewa mkubwa, alianza kukosa masomo. Nilimwita baba yake mara tatu, na kila mara alifika, akanisikiliza kwa heshima na kuahidi, lakini mtoto hakuonekana. Nikamhesabu mzee yule kuwa mzembe na kumwandikia mtendaji wa kijiji barua kali juu yake. Ni mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo karibu na shule ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, mjomba wake umemwita?" Sikuwa nimemwita, wala sikujua kwamba ninapaswa. Wamakonde, kama walivyo Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli nzito juu ya watoto wa dada yake. Mjomba alipokuja tulizungumza muda usiozidi nusu saa, na Jumatatu iliyofuata mtoto alikuwa darasani. Baba yake nilimwomba radhi, ila ile barua inanisumbua moyoni hadi leo.

Chuoni nilifundishwa kuandaa somo na kutunga mtihani. Kuuliza mtoto ni wa nani sikufundishwa. Wanaanthropolojia huanzia hapo hapo. Bronislaw Malinowski, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipiga hema kijijini katika visiwa vya Trobriand, Bahari ya Pasifiki, akajifunza lugha ya wenyeji na kuandika aliyoyaona siku kwa siku. Mmoja wa waliosoma kwake London baadaye ni Jomo Kenyatta, na kitabu alichokitoa mwaka 1938 kuhusu Wakikuyu kina sura nzima inayoeleza jinsi mtoto alivyokuwa akielimishwa na wazazi, ukoo na rika lake.

Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi, jambo zito kuliko yote ni jando na unyago. Kila mwaka tunasikia viongozi wakihimiza shughuli hizo zifanyike wakati wa likizo, nami naunga mkono, lakini tarehe ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alishuhudia mwaka 1931 chisungu cha Wabemba, katika Zambia ya leo, ambacho ni ndugu wa unyago wetu. Aligundua kwamba wasichana hawakuwa wakifundishwa kazi wasizozijua, kwa maana kupika na kulima walikwisha kujifunza kwa mama zao. Walichokuwa wakipewa ni cheo kipya, pamoja na lugha ya siri na wajibu wa cheo hicho. Tazama basi yanayompata mwali wetu. Ametolewa ndani kwa ngoma na vigelegele, ameambiwa na kungwi wake mbele ya ukoo mzima kwamba sasa ni mtu mzima, na wiki inayofuata yuko kwenye dawati lile lile, anaitwa mtoto na kuamriwa kupiga magoti kwa kuchelewa namba. Mwalimu asiyejua kilichopita huona kiburi na kutoa adhabu, naye binti huona fedheha na kukaa nyumbani. Hapo sisemi kwamba kila desturi ilindwe, maana binti anayeozeshwa mara tu baada ya unyago anadhulumiwa. Nasema mwalimu aliyelielewa jambo anaweza kukaa na kungwi, wakakubaliana kwamba kumaliza shule nako kutajwe miongoni mwa wajibu wa mwali.

Ni kweli elimu hii ilifika kwetu kwa mlango mbaya. Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijakwisha, akanasa nyimbo kwa fonografu na kukusanya vitu vya wenyeji vikapelekwa Ulaya. Aliyoyaandika yana dharau ya watawala wa zama zake. Kwangu hiyo ni sababu zaidi ya vijana wetu kuishika elimu hii wenyewe, wawasikilize wazee kwa lugha zao na kuandika kwa manufaa ya shule zetu.

Gharama yake si kubwa. Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, apewe pia kazi ya kuchora ukoo wa wanafunzi wake wachache kwa ridhaa ya familia zao, na kuandika kalenda ya kijiji: lini watu wanapalilia, lini korosho zinaokotwa na watoto wanahitajika shambani, lini kumbi za jando zinafunguliwa. Wakufunzi waisahihishe kazi hiyo kwa uzito ule ule wa andalio la somo. Naiomba Wizara ya Elimu ianze majaribio na vyuo vya ualimu vya hapa Mtwara, na wakufunzi watakaokuja Newala nitawapeleka mwenyewe kwa wazee na makungwi ninaowafahamu.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara