Kikao cha Jumamosi: majina ya kanuni zetu

Habari za jioni wana-meza wote, wachezaji wenzangu wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, na shikamooni wakubwa.

Tunakutana Jumamosi hii saa 9 alasiri, Forest Mpya, hapa Mbeya. Mwanjelwa basi, kelele za soko zimetushinda. Mchango ni Sh 3,000 wa chai, maandazi na kuchapa kijitabu. Mtumieni mhazini kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Kazi ni kupitisha majina ya Kiswahili ya kanuni za mchezo, ili tusibishane tena katikati ya pambano:

1. "Msimulizi" au "mwendesha mchezo"? Mimi niko na msimulizi, ni fupi.

2. "Zamu" ya mmoja, "mzunguko" wa wote. Hili naona limekwisha.

3. "Ngazi" ndiyo kazi yenyewe. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii uliotoka 1974, neno moja la Kiingereza, "level", linabeba ukomavu wa mhusika, uzito wa uchawi na kina cha shimo (mapango ya chini wanamopita wahusika). Wageni wanapotea: mchawi wa ngazi ya 5 anaishia uchawi wa ngazi ya 3! Napendekeza "daraja" kwa mhusika, "ngazi" ibaki kwa uchawi, na shimo tulihesabu kwa "orofa", hata kama linakwenda chini.

4. Namba ya kufikia kwa dadu ya pande 20: "lengo" au "kizingiti"? Mwenye nyongeza ya 5 juu ya namba ya dadu akitakiwa kufika 15, pande 11 kati ya 20 zinamfaa.

Tafadhali jibuni NAJA au SIJI kabla ya kesho usiku, pamoja na chaguo lenu la namba 3. Asiyekuja apige kura hapahapa. Bebeni masweta, na mwenye dadu za kijani azirudishe jamani.