Kasongo ana wenyewe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna redio zetu zinavyowatendea wanamuziki wa rumba.

Juma lililopita nilipanda matatu ya asubuhi kutoka Kakamega kwenda Mumias. Redioni ukapigwa "Kasongo", na gari zima likaitikia: kondakta, mama mmoja aliyekuwa akipeleka kuku wake sokoni, hata wanafunzi wawili ambao nadhani wazazi wao walikuwa bado hawajazaliwa wimbo huo ulipotoka miaka ya sabini. Magitaa yalipoanza kuchangamka, mtangazaji akaukata. Alisema tu kwamba tulikuwa tukisikiliza "kile kibao cha zamani cha Kilingala", kisha likafuata tangazo la mabati. Bendi hakuitaja, wala mwimbaji hata mmoja.

Bendi hiyo inaitwa Orchestra Super Mazembe. Ilianzia Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, ikiongozwa na Mutonkole Longwa Didos, ikapitia Zambia, na mwaka 1974 ikatia nanga Nairobi na jina jipya. Mazembe ni yale mashine makubwa ya kusukuma udongo, tunayoyaita katapila. Waimbaji wake walikuwa akina Kasongo wa Kanema, Lovy Longomba, Katele Aley na Fataki Lokassa. Gitaa la solo lilikuwa mikononi mwa Bukasa wa Bukasa, maarufu Bukalos, na besi akipiga Atia Jo. Nimewataja kwa makusudi. Kumtaja mtu ni sekunde tatu tu, na tangazo la mabati lilichukua zaidi ya hapo.

Lovy peke yake anastahili kipindi kizima. Baba yake, Vicky Longomba, alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya OK Jazz pamoja na mpiga gitaa Franco mjini Kinshasa mwaka 1956, enzi hizo mji ukiitwa Léopoldville. Lovy akaja kwetu na ile sauti yake nyembamba inayopaa juu ya wenzake bila kutetereka. Kisha wanawe, wale wa kundi la Longombas, wakatuchezesha "Vuta Pumz" tulipokuwa tunaingia enzi za simu za mkononi. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vimeimba, na viwili kati yake vimeimba hapa Kenya. Kijana anayeijua "Vuta Pumz" na kuijua "Kasongo" hajawahi kuambiwa na redio kwamba nyimbo hizo zina undugu.

Wengi huona huu ni muziki wa wageni. Mimi sioni hivyo. Lugha ni Kilingala, ndiyo, na maneno ni ya mke anayemsihi mumewe arejee nyumbani. Lakini bendi ilipatia jina lake Nairobi, na santuri zake zilisambaa hadi maduka ya huku kwetu Magharibi mwa Kenya. Walituimbia na kwa Kiswahili pia, kama kwenye "Bwana Mwizi". Mwaka 1983 kampuni ya Virgin ya Uingereza ikatoa albamu yao "Kaivaska" ili na Wazungu wasikie kilichokuwa kikichezwa Nairobi. Miaka michache tu baadaye, vibali vya kazi kwa wanamuziki wa kigeni vikawa shida, bendi nyingi za Wakongo zikayumba, na kufikia 1985 Mazembe ilikuwa imesambaratika.

Baba yangu alikuwa na gramafoni, na kazi yangu utotoni ilikuwa kugeuza santuri. Zile santuri ndogo hazikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja. Upande wa kwanza ulikuwa wa kuimba, watu wameketi, wanasikiliza kisa. Ukiisha, baba ananitazama, nami naigeuza upesi huku wageni wakisimama na kusogeza viti, kwa sababu upande wa pili ndio sebene. Hapo waimbaji wanawaachia wapiga magitaa uwanja: solo linarudia kijineno chake kimoja na kukipamba, gitaa la kati linakijibu, besi inasukuma. Kisa cha Kasongo kinaishia upande wa kwanza. Ila jasho, furaha, na ufundi wa Bukalos na wenzake viko upande wa pili. Redio inapoukata wimbo magitaa yanapochangamka, inatupa mlo wa sima bila mboga.

Naomba nisieleweke vibaya. Tangu mwishoni mwa 2024 vijana wamelichukua jina la Kasongo na kulifanyia utani wa kisiasa, na kwa hilo sina ugomvi nao. Wameufufua wimbo ambao sisi wazee tulishindwa kuwarithisha. Wala sitaki Mazembe wapewe visivyo vyao. "Shauri Yako", ambayo watu wengi hudhani ni yao, ni ya Nguashi Ntimbo, aliyeipiga kwanza na Orchestra Festival du Zaire. Mazembe waliirudia, wakaifanya vizuri mno, lakini mtunzi ni Nguashi, na naye atajwe kila inapopigwa.

Wengi wa wanamuziki hawa wamekwisha kututoka. Wameacha wajane na watoto, na mirabaha haiwezi kumfikia mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote. Mtangazaji anayesema "kibao cha zamani" na kunyamaza huenda amewanyima watu haki yao bila kukusudia.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vipindi, hasa vile vya Jumapili mchana vinavyojiita vya zilizopendwa: mtajeni mtunzi, itajeni bendi, na mtajeni mwimbaji mkimjua. Na mkipiga "Kasongo", wacheni hadi magitaa yamalize. Tangazo la mabati linaweza kungoja dakika nne.

Msomaji wako,
Kakamega