Derartu Naye Alikuwa na Mtoto

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unasema tangu ujifungue mwili mzito, usingizi hakuna, na viatu vya mbio umeshampa mdogo wako. Hilo la viatu limeniuma.

Septemba 2000 nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Tulijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni kutazama fainali ya wanawake, mita 10,000, Olimpiki ya Sydney. Mimi nilipewa kiti maana miguu ilivimba. Derartu Tulu wa Ethiopia, binti wa Bekoji kule Arsi, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwaka 1998. Wengi pale sebuleni tulidhani zake zimekwisha. Mzunguko wa mwisho akachomoka, mama! Dakika 30 na sekunde 17.49, rekodi ya Olimpiki, na Mwethiopia mwenzake Gete Wami akaja wa pili. Nilipiga kigelegele mpaka ukanipiga teke tumboni.

Watu humkumbuka zaidi kwa Barcelona 1992, na wana haki. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Aliyepambana naye alikuwa Elana Meyer, Mzungu wa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imerudi michezoni baada ya kufungiwa miaka mingi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Derartu alimganda mgongoni, hakutaka kutangulia, akamwacha mzunguko wa mwisho. Alipomaliza akamngoja pale mstarini, wakashikana mikono wakauzunguka uwanja pamoja. Alikuwa na miaka 20 tu.

Ila mimi nataka uitazame Atlanta 1996, ambayo hakuna anayeisimulia. Alishika nafasi ya nne, akarudi nyumbani bila medali. Kisha ikaja mimba, kisha kunyonyesha, ndipo ikaja Sydney. Katikati ya dhahabu mbili ilipita miaka minane, mwanangu. Wewe una wiki tano tu tangu ujifungue.

Na hakuishia hapo. Athens 2004 akachukua shaba. Mwaka 2009, akiwa na miaka 37, alikimbia marathoni ya New York. Mwingereza Paula Radcliffe alipoanza kuachwa, Derartu alimhimiza wasiachane, waende wote. Mwenzake akashindwa kufuata, yeye akaenda kushinda. Binamu zake, wakimbiaji Tirunesh na Genzebe Dibaba, walikua wakimwona yeye akikimbia. Mwaka 2018 alikabidhiwa uongozi wa shirikisho la riadha la nchi yake.

Viatu nimevirudisha kutoka kwa mdogo wako. Nimevifua, vipo uani vinakauka. Arobaini ikiisha njoo na mjukuu wangu. Mtori utaukuta jikoni, na alfajiri nitambeba mimi mgongoni, wewe utoke barabarani nusu saa, hata kwa kutembea.

Mama yako