Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho: Ndege ya Nzige Isianze kwa Rangi

Mkurugenzi Mkuu,
Makumbusho ya Taifa la Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: KUHIFADHI NDEGE AINA YA BEAVER YA KUPULIZIA DAWA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaomba Makumbusho itafute Beaver moja iliyowahi kupuliza dawa, kabla hazijamalizwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndege hii ina historia ya ajabu. Iliundwa Kanada kwa ajili ya maziwa na misitu, ikaruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947, na mlango wake hupitisha pipa zima la mafuta. Huku kwetu ikageuzwa kuwa adui wa nzige na kweleakwelea (ndege wadogo walao nafaka) chini ya Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, ambalo Tanzania ni mwanachama.

Ikipatikana, wengi watataka ipakwe rangi haraka ipigwe picha. Tafadhali wakatalieni. Kazi ya kwanza ni sumu. Tangi, mabomba na vipulizio vinaweza kuwa na masalia ya fenthioni, dawa ya kweleakwelea inayopenya ngozi na kushambulia neva, au dieldrini ya enzi za nzige, ambayo hukaa miaka mingi bila kuoza. Ukipiga msasa mkavu, fundi anaivuta puani. Sampuli zipimwe kwanza, na maji ya kuoshea yakingwe kwenye mapipa, mtaroni yasifike. Baraza la Mazingira (NEMC) na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu washirikishwe mapema. Geji zinazong'aa gizani nazo zipimwe na Tume ya Nguvu za Atomu kabla kioo hakijafunguliwa, maana nyingi za zamani zilipakwa rediamu, madini yenye mionzi.

Injini ni Wasp Junior: silinda 9 zilizopangwa duara, nguvu za farasi 450. Ikikaa muda mrefu, oili huchuruzikia silinda za chini. Anayezungusha propela kwa pupa atapinda konrodi, yaani fimbo inayosukumwa na pistoni, kwa kuwa oili haibanwi kama hewa. Zitolewe plagi za chini, oili ivuje yote, ndipo izungushwe kwa mkono, taratibu. (Mdomo wa kujazia oili uko ndani, karibu na rubani, hivyo aliweza kuongeza akiwa angani. Wanafunzi watakipenda hicho kuliko bango lolote.)

Bodi ya ndege isisafishwe kwa kupulizwa mchanga. Bati lake lina ngozi nyembamba ya aluminiamu safi inayozuia kutu, na mchanga huichubua. Unga mweupe kando ya ribiti (pini zinazounganisha mabati) maana yake chini kunaliwa. Hapo ribiti zitolewe, bati likaguliwe. Sehemu mbaya zaidi ni pale boliti za chuma zinapogusa aluminiamu, hasa kwenye miguu ya mihimili ya mabawa. Chumvi ya upepo wa bahari huharakisha ulaji huo.

Tunapendekeza ndege ya kutazamwa tu. Ya kurushwa italazimu kubadilisha vipuri vingi mno, na rangi iliyochubuliwa na dawa, ambayo ndiyo kumbukumbu yenyewe, itapotea. Bajeti ya kwanza iende kwenye paa la kuikinga, na paa likamilike kabla ndege haijaletwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa ndege, Dar es Salaam