Siku ya posho: tunaendelea na riwaya ya 1984

Wandugu, ba mama na ba papa, jambo kwenu wote.

Tunakutana siku ya posho, yaani Jumamosi, saa tisa mchana, palepale Kamalondo, Lubumbashi. Ninaomba kila mmoja asome sehemu ya kwanza, sura ya tano ya kitabu cha George Orwell, pale Syme, mtunga kamusi wa Chama kinachotawala, anapoeleza wakiwa kantini jinsi wanavyopunguza maneno ya kamusi ili watu wakose hata namna ya kuwaza uasi. Wengi hukimbilia ile skrini inayowachungulia watu nyumbani. Inatisha, ndiyo, lakini Syme ananitisha zaidi, kwa sababu anaipenda kazi yake. Baadaye anatoweka. Kwenye orodha ya kamati ya sataranji hakuna jina lililokatwa kwa mstari. Limepungua moja tu, basi. Someni hapo polepole.

Wazee wetu, mje na kumbukumbu zenu za maneno yaliyokatazwa kwetu. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na Katanga yetu iliitwa Shaba mpaka 1997. Vijana wanahitaji kusikia kutoka kwenu: nani aliendelea kuitwa Maria nyumbani, mlango ukishafungwa?

Kiambatisho cha mwisho msikiruke. Kinaisimulia lugha ya Chama kama kitu kilichokwisha kupita, na ninatamani sana tubishane juu ya hilo.

Fotokopi ziko kwa mama mweka hazina. Asiye na pesa achukue vilevile.