Malalamiko Kuhusu Seti ya Turbo kwa Gari la Kila Siku

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SETI YA TURBO ISIYOLINGANA NA ODA NA UHARIBIFU ILIOUSABABISHA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua seti ya turbo, yaani kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kuisukumia injini hewa zaidi, kwa ajili ya Mazda MX-5 ya mwaka 1990 yenye injini ya lita 1.6, gari ninaloendea kazini kila siku. Kabla ya kulipa niliwaandikia na kuwaeleza mpango wangu wote: presha ya turbo isizidi baa 0.4, nguvu ipande kutoka farasi 115 hadi kama 150 hivi, pistoni na klachi zibaki zile zile za kiwandani, na fedha kidogo niliyo nayo iende kwenye oili, petroli na upoozaji. Sikuomba gari la mashindano. Injini hii iliundwa bila turbo na mgandamizo wake, yaani kiasi ambacho pistoni huibana hewa ndani ya silinda, ni 9.4 kwa 1, hivyo mtu anayetaka kuisukumia hewa zaidi na bado iwake kila asubuhi hana budi kujiwekea kiasi. Mlinijibu kwamba seti yenu imekamilika na inaufaa mpango huo bila kuongeza kitu.

Kabla ya kufunga chochote, fundi wangu alipima presha ya mgandamizo ya silinda zote nne, zikasoma kati ya baa 12 na 12.5. Tulibadilisha rejeta na mipira yake, tukaweka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazopoteza joto haraka zaidi, na kupunguza mwanya wake. Nayataja haya kwa sababu barua yenu ya mwisho inadai kwamba nililipachika turbo gari lililokwisha kuchoka.

Kasoro ya kwanza ilijionyesha siku ile ile ya kuwasha. Mpira mliotuma wa kurudishia oili una kipenyo cha ndani cha milimita 10 tu, na kwa urefu mliopendekeza hushuka kwanza, kisha hupanda tena kabla ya kuingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, tena chini ya usawa wa oili. Oili huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikiwa imechanganyika na hewa kama povu. Ikikosa njia pana inayoteremka moja kwa moja, hujaa ndani na kujipenyeza kwenye sili hadi upande wa moshi. Baada ya dakika kumi gari likiwa limesimama linaunguruma tu, ua mzima ulikuwa umejaa moshi wa buluu. Tulinunua mpira mnene na kuhamishia tundu juu zaidi kwenye sampu, na moshi ukakoma. Hilo ningelisamehe, ingawa kwa seti iliyouzwa kuwa imekamilika ni aibu.

Lisilosameheka ni springi ya vali inayopunguza presha ya turbo. Niliagiza ya kuifungua vali hiyo presha ikifika baa 0.4, mkaleta ya baa 0.8. Nilipopiga simu niliambiwa nisijali, nitaishusha presha kwa kidhibiti cha umeme kilichomo kwenye seti. Naomba mhandisi wenu asome sentensi hii kwa makini: kidhibiti hicho kinaweza kuipandisha presha juu ya kiwango cha springi, hakiwezi kuishusha chini yake. Nakiri kwamba mimi nami nilikosea kuyaamini maneno hayo badala ya kuifungua vali na kuitazama springi kabla ya kutoka barabarani.

Nozeli za kunyunyizia petroli nazo hazikuwa nilizoagiza. Risiti inasema mililita 350 kwa dakika, lakini mashine ya kupimia ilionyesha kwamba kila moja hutoa 240. Kwa farasi 150 nozeli hizo zingekuwa zimefunguka karibu muda wote, wakati fundi makini huziachia akiba ya walau asilimia 15. Kwa baa 0.8 haziwezi kabisa. Kitabu chenu cha maelekezo, ukurasa wa 9, kinasema petroli irekebishwe kwa kutumia sensa ya oksijeni ya kiwandani. Sensa hiyo hutambua vizuri uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli na pembezoni mwake tu. Injini hii ikiwa chini ya presha inahitaji uwiano wa karibu 12 au chini kidogo, na huko sensa hiyo haiwezi kukuambia kama umefika au umepungukiwa. Sensa ya masafa mapana, inayoweza kuupima uwiano hata huko, ilipaswa kuwa kitu cha kwanza ndani ya boksi, kabla ya mabomba yanayong'aa ambayo hakuna aliyeyaomba.

Matokeo yalikuja nikiwa gia ya tatu. Geji ilipita 0.4, ikafika 0.8, na kabla sijaondoa mguu nilisikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli ukijilipukia wenyewe ndani ya silinda. Ulidumu sekunde mbili hivi. Plagi ya silinda ya tatu ilitoka na chembe ndogo za alumini juu ya kauri yake, na silinda hiyo ilisoma baa 8. Tulipofungua injini tulikuta pistoni imevunjika kati ya ringi ya kwanza na ya pili.

Mmenijibu kwamba turbo ya bei nafuu haiwezi kutegemewa. Sikubaliani nanyi. Unafuu wa mpango wangu ulitokana na kutaka nguvu kidogo, na wenu umetokana na kupunguza petroli, oili na vipimo ambavyo nilikwisha kuvilipia.

Kwa hiyo naomba mnirudishie bei yote ya seti, mlipe gharama za pistoni, ringi, gasketi na ufundi kama zilivyo kwenye risiti nilizoambatanisha, na muwaandikie wateja wengine walionunua seti hii kuhusu springi na ule ukurasa wa 9. Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitalifikisha suala hili kwenye chombo cha kutetea walaji.

Springi, nozeli nne, mpira wa oili na ile pistoni nimevihifadhi kwenye boksi lenu lenyewe, kila kimoja kikiwa na lebo. Mhandisi wenu anaweza kuja kuvikagua siku yoyote, kwani gari lenyewe bado liko juu ya stendi.

Wako,
Mteja wenu.

Viambatanisho: nakala ya oda, risiti za matengenezo, vipimo vya nozeli na picha za pistoni.